Lori la hadiwea, Canter ya kukodi au kampuni ya kuhamisha: nani abebe mzigo wa mjengo wako Nairobi?

Mwaka wangu wa kwanza kushika stoo ya mjengo, pale Kileleshwa, nilishuhudia mabamba matatu ya granaiti ya jikoni yakishushwa kwenye Canter yakiwa vipande saba. Dereva alikuwa ameyalaza kama magodoro. Hakuwa mtu mbaya. Aliendesha polepole, alifika kwa wakati, na alikuwa ametutoza kidogo kuliko wote tuliowapigia simu, jambo ambalo foromani wetu alijisifia asubuhi nzima. Lakini granaiti ya unene wa milimita 20 husafiri ikiwa imesimama kwa ubavu, imeegemezwa kwenye fremu yenye umbo la A na kufungwa isicheze. Ukiilaza, kila shimo la barabara linaipinda katikati, nayo haijui kupinda.

Tangu siku hiyo sianzi kwa kuuliza gari ni pesa ngapi. Nauliza mzigo utatoka getini hadi ghorofa ya sita kwa mikono ya nani, na ukivunjika humo njiani nani analipa. Safari ya kutoka Athi River au Eneo la Viwanda, pamoja na msongamano wake wote, ndiyo sehemu rahisi. Ugumu uko kwenye mita 50 za mwisho, na hizo ndizo nitakazotumia kuwapima watu tunaowaita Nairobi kutubebea vitu: lori la muuzaji, Canter ya kukodi, kampuni ya kuhamisha, na wenye mitambo mizito.

Kuanzia msingi hadi slabu ya mwisho

Hapa kampuni ya kuhamisha haina nafasi, na ikikubali kazi hii ujue ina wiki mbaya. Mchanga wa Machakos na Kajiado na kokoto za Mlolongo na Njiru huja kwa tipa la mwenye mali au la dalali wake, na tipa linajimwaga lenyewe. Mawe ya Ndarugo hushushwa na vijana wanaokuja wamekaa juu yake. Hakuna cha kufungia blanketi.

Kwa saruji, ushindani wa kweli ni kati ya lori la hadiwea na Canter ya kukodi. Mfuko ni kilo 50, kwa hiyo mifuko 20 ni tani moja, na Canter ya tani 3 hubeba mifuko 60 bila kujidanganya. Wengi hupakia 80 na kumwachia Mungu. Ukinunua mingi kwa pamoja, hadiwea nyingi hukuletea bila kulipisha usafiri, au tuseme usafiri umekaa ndani ya bei ya mfuko ambapo huuoni. Linganisha mambo mawili: bei ya mfuko dukani ukijumlisha gari la kukodi, na bei ya mfuko ukiwa umeshaingia ndani ya stoo yako. Neno kubwa hapo ni “ndani”. Lori la hadiwea huja na dereva na utingo mmoja, nao kazi yao inaishia kwenye mkia wa gari. Mvua ya Aprili ikikukuta na mifuko 200 kando ya barabara, hilo ni lako. Vibarua wako watabeba, na saa wanayobeba si saa ya kuchanganya zege.

Nondo zina kisa chake. Huuzwa kwa urefu wa mita 12. Ya milimita 12 ina uzito wa karibu kilo 10.7, kwa hiyo tani moja ni kama vipande 94. Bodi ya Canter haifiki hata nusu ya urefu huo, ndiyo maana utaona nondo zimekunjwa katikati kama pini za nywele, mkia ukiburura lami. Pale penye kona, nondo iliyokunjwa kisha ikanyooshwa si ile tena. Injinia makini atakuambia ukate kipande hicho uweke pembeni. Basi ile pesa uliyookoa kwa kukodi Canter badala ya lori refu umeilipa kwa chuma. Kwa nondo chache za nyumba ya kawaida, vumilia. Kwa jengo la ghorofa, dai lori refu.

Na kama mzigo unapita mizani ya Mlolongo, usiwe wewe unayemshawishi dereva aongeze kidogo. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya 2013, inaweka kikomo cha tani 56 hata kwa trela la ekseli saba, na kila ekseli ina kipimo chake. Faini itamwangukia mwenye lori, sawa, lakini mzigo wako utalala pale naye.

Mkokoteni nao usiudharau. Kutoka duka la Gikomba hadi mjengo ulio mitaa miwili mbele, kwa mabomba na makopo ya rangi, hakuna anayeushinda, awe na injini au asiwe nayo.

Plasta ikishakauka

Mambo yanageuka hapa, na ndipo watu wengi wanaendelea kuita Canter ileile kwa mazoea.

Chukua vigae. Katoni ya vigae vya sentimita 60 kwa 60, vinne ndani, hufunika mita za mraba 1.44 na ina uzito wa kama kilo 30. Nyumba moja ya mita za mraba 80 humeza katoni 56, karibu tani 1.7. Ukiwa na jengo la nyumba 24, hizo ni tani 40 ambazo lazima binadamu azipandishe, kwa ngazi au kwa lifti. Lifti ya watu wanane huwa ya kilo 630. Ukitia katoni 16 na vijana wawili imejaa. Na lifti hiyo ni mpya, mwenye kuiweka hajaikabidhi, kuta zake zinang'aa. Kona ya katoni moja ikiikwaruza, utaanza kuandikiana barua. Kampuni nzuri ya kuhamisha huja na mbao nyembamba na blanketi, huipamba lifti yote ndani kabla ya kupandisha chochote, na huwa na toroli za magurudumu ya mpira. Vijana wa Canter huja na mabega.

Vioo ni hivyohivyo. Kila milimita ya unene ni kilo 2.5 kwa mita ya mraba. Kioo cha milimita 10 cha bafuni, mita 2 kwa mita 1, ni kilo 50, uzito wa mfuko wa saruji, ila mfuko wa saruji ukiudondosha unaokota. Bamba la granaiti la mita 3 kwa sentimita 60 linakaribia kilo 100, linataka watu wanne wanaojua kugeuka pamoja kwenye kona ya ngazi. Bodi za jipsamu, futi 8 kwa 4, hazina uzito mkubwa, kama kilo 25 moja, lakini zikiegemezwa ukutani wikendi nzima zinapinda, zikiguswa na maji zimekwisha. Kabati za jikoni zilizounganishwa tayari, milango iliyopigwa vanishi, masinki, vyombo vya choo: kasoro ndogo tu hapo na mnunuzi wa nyumba ataiona siku ya kukagua, kabla hata hajasalimia.

Kwa vitu hivi naipa kampuni ya kuhamisha ushindi, na sababu kubwa ni kwamba wamezoea kubeba mali ya mtu ambaye amesimama hapo anatazama. Kibarua wa mjengo amezoea kubeba jiwe. Ukimpa kabati la vanishi hataki kuliharibu, ila mwili wake umejifunza kitu kingine kwa miaka mingi.

Kuna pesa ya kufikiria, bila shaka. Canter hutoza safari. Kampuni hutoza kazi: gari, watu, vifaa vya kufungia, idadi ya ghorofa, umbali wa kutoka gari lilipoegeshwa hadi mlangoni. Ukiweka bei hizo mbili kando kwa kando, Canter itaonekana nafuu kila mara, kwa sababu unalinganisha kiatu na jozi. Kwanza ongeza kwa Canter malipo ya wabebaji, siku ya fundi aliyesimama akingoja kabati, na thamani ya kitu kimoja kinachovunjika katika kila safari chache. Nikifanya hesabu hiyo kwa saruji, Canter bado inashinda. Nikiifanya kwa vioo na granaiti, haijawahi kushinda.

Kontena likitoka Embakasi

Wajenzi wengi siku hizi huagiza vigae, milango na vyombo vya bafuni kutoka China. Tangu treni ya mizigo ya reli mpya, SGR, ianze mwaka 2018, kontena nyingi huchukuliwa kwenye bandari kavu ya Embakasi badala ya kushushiwa Mombasa. Vigae huja katika kontena la futi 20, kwa sababu hufikia kikomo cha uzito kabla ya kujaza nafasi. Zile tani 40 zetu ni kontena mbili.

Una njia mbili. Ya kwanza, trela lilete kontena moja kwa moja hadi mjengo. Hii ni nafuu kama uko Mombasa Road au Northern Bypass, una geti pana na slabu ya chini iliyo tayari kupokea. Ukiwa ndani ya vijia vya Kilimani au Kileleshwa, trela litaziba barabara, majirani watapiga simu, na dereva atakuhesabia kila saa anayongoja. Huwezi pia kulikalia kontena, maana kampuni ya meli inalitaka lirudi tupu na hutoza kwa siku ukichelewa. Nimeona watu wakipakua vigae usiku kwa tochi za simu ili kukwepa tozo ya siku moja, na asubuhi tukahesabu hasara.

Njia ya pili ni kupeleka kontena kwenye ghala la kampuni ya kuhamisha, wapakue, wahesabu, warudishe kontena, kisha walete mzigo kwa magari madogo kila ghorofa inapokuwa tayari. Unalipa ghala, na unalipa kubeba mara mbili. Lakini mjengo usio na stoo ya kufunga ni tundu. Vigae vya ghorofa ya tano vikiletwa wakati ghorofa ya pili bado inapigwa plasta, vitatumiwa kama meza, kama ngazi, na vingine vitaondoka jioni na mkoba wa mtu. Hili nalisema nikiwa mwenye ufunguo wa stoo. Kama ratiba yako inateleza, na Nairobi ratiba huteleza mara nyingi, lipa ghala. Kama mafundi wako wanasubiri vigae leo, leta trela.

Ukarabati watu wakiwa bado ndani

Katika ukarabati kampuni ya kuhamisha siioni mpinzani wake. Ofisi ya Upper Hill inataka dari jipya na nyaya mpya, nayo haiwezi kufunga. Mkandarasi mwenye tamaa atasema vijana wake watasogeza meza. Usikubali. Siku faili au kompyuta moja ikikosekana, kazi yote ya ujenzi itasimama tukiitafuta, na kila fundi atakuwa mshukiwa.

Kampuni ya kuhamisha huingia Ijumaa jioni, huandika kila kitu na namba yake, hupiga picha za mikwaruzo iliyokuwepo, huondoa ghorofa moja nzima, na Jumatatu mkandarasi anakabidhiwa sakafu tupu kwa sahihi. Akimaliza, vinarudi, ghorofa inayofuata inaondolewa. Kwa mkandarasi hiyo ni zawadi, hata kama hailipi yeye, kwani sakafu tupu hukamilika haraka, na hakuna vumbi la kuzozania. Kwenye nyumba za kupanga ni hivyo pia: wapangaji wakihamishwa kwa awamu, friji ya mama wa ghorofa ya pili haiwi kesi ya fundi wa rangi.

Mpaka wa kazi yao uwe wazi tu. Kufungua meza na kabati ni kazi ya wahamishaji. Kubomoa ukuta au kuvua dari ni kazi ya mkandarasi aliyesajiliwa na NCA, mamlaka ya ujenzi. Kifusi pia si chao. Usafirishaji wa taka unahitaji leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na lori la kuhamishia sofa likikubali kubeba kifusi chako kwa bei ya kutupa, jiulize litakimwaga wapi usiku huo.

Vitu vya tani

Ekskaveta ya tani 20 hupanda lobedi, trela la kitanda cha chini, na kama mzigo unazidi vipimo vya kawaida vya barabara, mwenye lobedi anahitaji kibali cha KeNHA, mamlaka ya barabara kuu. Mwulize akuonyeshe. Kontena la ofisi ya mjengo, la futi 20, likiwa tupu lina zaidi kidogo ya tani 2; lori lenye mkono wa kreni hulipandisha na kulishusha peke yake. Jenereta na mashine za kupozea hewa za paani ziachie wenye kreni, hata kama kampuni yako ya kuhamisha imezoea mashine za viwandani. Wakisisitiza wanaweza, omba kuona mishipi ya kunyanyulia na uzito ulioandikwa juu yake. Mshipi usio na kibandiko ni kamba tu.

Mahali wahamishaji wanaponiudhi

Nisiwapake mafuta. Kampuni moja tuliyoita ilileta vijana sita wenye fulana safi na viatu vya raba. Getini wakakataliwa, na haki ilikuwa upande wa askari: mjengo wenye ghorofa inayoendelea juu ya kichwa chako hauingiwi bila helmeti na buti. Walipoteza saa tatu wakitafuta vya kuazima, na ankara ikaja na saa hizo ndani. Sasa naandika kwenye makubaliano kwamba vifaa vya usalama ni vyao.

Jingine ni lifti. Bei hutolewa kwa kudhani lifti inafanya kazi. Kwenye jengo jipya lifti hufanya kazi siku inayotaka. Waambie ukweli mapema na upate bei mbili, ya lifti na ya ngazi, kabla gari halijaondoka. Ada ya barabara ya juu, ile ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, nayo uliza kama imo. Dereva ambaye hakulipiwa atapita chini, nawe utasubiri.

Na udongo mweusi. Utawala, Syokimau na Kitengela, kati ya Machi na Mei, gari refu la kuhamishia, lenye boksi na tumbo la chini, litakwama mahali ambapo Canter inapita ikicheka. Trekta la jirani litalivuta, lakini litalipwa na wewe. Kule msimu wa mvua nachagua gari dogo lenye turubai na safari nyingi, hata kwa vitu vya thamani, na mbao za kukanyagia kutoka barabarani hadi mlangoni.

Bima, na ile sahihi unayoitia haraka

Canter nyingi za kukodi zina bima ya gari na hazina ya mzigo. Kampuni nyingi za kuhamisha zitakuambia zina bima ya mzigo safarini. Uliza inaishia wapi. Kama inaishia gari linapozimwa, basi mita 50 zako za mwisho ziko wazi kama za Canter, na unalipia jina tu. Omba cheti, soma kikomo cha thamani, kilinganishe na thamani ya gari moja la vioo.

Kuna pia bima ya watu. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007, ambayo kila mtu huiita WIBA, inamtaka mwajiri awakatie bima wafanyakazi wake. Kampuni iliyosajiliwa inaweza kukuonyesha. Vijana wanne waliookotwa stejini pamoja na Canter ni wafanyakazi wa nani, mmoja wao akianguka na bamba la granaiti? Sitaki kuwa ndani ya chumba swali hilo likijibiwa, kwa kuwa aliyewaita kwa simu ni mimi.

Mwisho, mapokezi. Usitie sahihi “vimepokelewa vikiwa salama” kwa katoni ambazo hukufungua. Mimi huandika kwa mkono, “zimehesabiwa, hazijakaguliwa”, tarehe na saa, kisha nafungua moja katika kila kumi mbele ya dereva, nikianza na zile zenye kona zilizobonyea. Lori la hadiwea halipendi jambo hili na litapiga honi. Malipo ya kampuni nagawa: sehemu wakipakia, sehemu hesabu ikilingana ghorofa kwa ghorofa, na M-Pesa ya mwisho haitoki hadi mbao za ndani ya lifti zivuliwe tuone kuta zake.